Kujiweka Tayari kwa Kutoa Damu: Habari za Zamani na za Sasa



Mwaka jana nilimpeleka hospitali mtoto mmoja wa shule, maana alianguka kutoka mwembeni akavunjika mkono. Tulipokuwa tumekaa barazani tukingoja zamu yetu, waliingia watu tisa wamechukua kitanda cha kamba, na juu yake amelala mama aliyejifungua usiku ule, na damu yake imekataa kusimama. Daktari alimtazama, kisha akatoka akawaambia wale jamaa, "Mama huyu amepungukiwa na damu sana. Ni nani kati yenu awezaye kumpa damu yake?" Wote tisa walisimama. Hakuna aliyekataa.

Lakini walipopimwa, mambo yakawa mengine. Mmoja alikuwa ametembea tangu alfajiri pasipo kutia kitu tumboni, hata mwili ulikuwa ukimtetemeka. Wawili walikuwa wametoka katika pombe ya arusi. Mmoja alikuwa na homa. Mmoja hakufikia uzito unaotakiwa. Wawili damu yao wenyewe ilikuwa haba. Wakabaki wawili tu, na hata damu ya hao wawili haikuweza kutumika mara moja, kwa kuwa ilitakiwa kwanza ipimwe magonjwa, na saa zilikuwa zikienda.

Mama yule alipona, lakini hakupona kwa damu ya nduguze. Alipona kwa mifuko miwili iliyokuwa imekwisha wekwa akiba katika jokofu la hospitali, damu ya watu asiowajua jina wala kabila. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Siku ile niliyaona maneno hayo kwa macho yangu.

Jioni, mjomba wake mama yule, mzee wa heshima, aliniambia, "Mwalimu, sisi tumekuja na mapenzi, lakini hatukuja tayari." Neno hili lilinikaa moyoni. Nikaanza kutafuta katika vitabu habari za watu waliotoa damu tangu zamani, na nikaona kwamba shida ya mzee yule ndiyo iliyowasumbua watu kwa miaka mingi. Mara nyingi mapenzi yalikuwapo. Kilichokosekana ni matayarisho.

MTOAJI ASIYEULIZWA

Zamani waganga wa Ulaya walidhani kwamba damu hufanywa na ini, kisha hunywewa na mwili kama maji yanywewavyo na shamba. Mwaka wa 1628 tabibu Mwingereza, William Harvey, alitoa kitabu akaonyesha kwamba sivyo: moyo huisukuma damu, nayo huzunguka mwili mzima na kurudi pale pale ilipotoka, usiku na mchana. Watu walipoyajua hayo, wakaanza kuulizana, "Ikiwa damu huzunguka katika mishipa kama maji katika mfereji, je, haiwezekani kuitoa katika mfereji mmoja na kuitia katika mwingine?"

Mwaka wa 1667, katika mji wa Paris, tabibu Jean-Baptiste Denis alimtia damu kijana wa miaka 15 aliyedhoofika kwa homa. Damu ile haikuwa ya mtu, bali ya mwana-kondoo. Kijana alipona, na sifa zikaenea. Leo twajua kwamba aliokoka kwa kuwa damu aliyopewa ilikuwa kidogo, maana damu ya mnyama ni adui wa damu ya mtu. Denis aliendelea, akamtia mtu mmoja mwenye wazimu damu ya ndama zaidi ya mara moja. Mtu yule akafa mapema mwaka wa 1668. Kesi ikasimama barazani. Tabibu hakuonekana na hatia, lakini kazi yenyewe ikakatazwa Ufaransa, na mahali pengine nako ikaachwa, ikalala usingizi wa miaka 150.

Angalieni, wasomaji: mtoaji wa kwanza katika habari hizi alikuwa mnyama aliyefungwa kamba. Hakuulizwa neno, wala hakutayarishwa kwa lolote ila kisu.

MTOAJI ALIYEKUNJA MKONO WA SHATI

Aliyeiamsha kazi hii tena alikuwa tabibu wa uzazi wa mjini London, jina lake James Blundell. Huyu alikuwa amemwona mama akifa kwa kutokwa na damu baada ya kuzaa, naye amesimama karibu, hana la kufanya. Uchungu wa siku ile ulimtia katika kazi ya kupeleleza. Alijaribu kwanza kwa mbwa, akajua jambo kubwa, nalo ni hili: mtu apewe damu ya mtu, si ya mnyama. Mwaka wa 1818 alimtia mgonjwa damu ya watu kwa bomba la sindano. Mgonjwa yule alikuwa karibu na kufa kwa ugonjwa wa tumbo, wala hakupona. Lakini Blundell hakukata tamaa, na katika miaka iliyofuata baadhi ya akina mama waliokuwa wakifa kwa uzazi waliokolewa kwa mkono wake.

Siku zile mtoaji alikuwa ni yeyote aliyesimama karibu: mume wa mama, au msaidizi wa tabibu. Matayarisho yake yalikuwa kukunja mkono wa shati na kuwa na moyo. Basi, palikuwa na hatari mbili zisizojulikana vema. Kwanza, damu ikitoka mwilini huganda baada ya dakika chache, na bomba likaziba. Pili, wagonjwa wengine walipata nafuu, na wengine waliopewa damu kwa namna ile ile walishikwa na baridi, wakaumwa na mgongo, mkojo wao ukawa mweusi, wakafa. Hakuna aliyejua sababu.

SIRI YA MAKUNDI

Sababu ilifunuliwa katika mji wa Vienna na Karl Landsteiner. Yeye alitwaa damu yake mwenyewe na damu ya wenzake aliofanya kazi nao, akatenga maji ya damu mbali na chembe nyekundu, kisha akachanganya maji ya huyu na chembe za yule, na za yule na za huyu, akiandika kila alionalo. Akaona kwamba damu nyingine huchanganyika kwa amani, na nyingine chembe zake hushikamana mafumba mafumba, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Mwaka wa 1901 alitangaza kwamba watu wana makundi ya damu. Leo twayaita A, B na O, na kundi la nne, AB, liligunduliwa mwaka wa 1902 na wengine waliofuata nyayo zake. Mwaka wa 1940 Landsteiner na mwenzake Alexander Wiener walieleza alama nyingine iitwayo Rh, ambayo kwayo twasema damu ya mtu ni chanya au hasi.

Makundi haya hayafuati rangi ya ngozi, wala kabila, wala ukoo. Ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuwa na makundi yasiyopatana, na mtu wa mbali kabisa akawa na damu ipatanayo na yako. Wale watu tisa niliowataja walidhani kwamba, kwa kuwa ni jamaa, damu yao ni moja. Katika ukoo ni moja, bali katika chupa ya daktari huenda isiwe moja.

Tangu hapo mtoaji akapata tayarisho lake la kwanza la kweli: kupimwa, ajulikane ni wa kundi gani kabla ya kutolewa damu.

BABA MMOJA WA NEW YORK

Lakini ile hatari nyingine, ya damu kuganda, ilikuwa bado. Katika miaka ile matabibu wachache wenye mikono myepesi walipata njia: kuuunga mshipa wa mtoaji na mshipa wa mgonjwa kwa uzi na sindano, damu ipite moja kwa moja isiguse hewa. Mwaka wa 1908, katika mji wa New York, mtoto mchanga wa siku chache alikuwa akitokwa na damu hata akawa mweupe kama karatasi. Baba yake, Lambert, alikuwa tabibu mwenyewe, naye alimwita mwenzake aitwaye Alexis Carrel, Mfaransa aliyekuwa stadi wa kushona mishipa. Baba akalala karibu na mwanawe. Carrel akaupasua mkono wa baba, akautoa mshipa wake mkubwa wa kiganjani, akauunga na mshipa mwembamba wa mguuni mwa mtoto. Damu ya baba ikapita. Rangi ya mtoto ikarudi mbele ya macho yao, naye akaishi.

Ni habari ya kupendeza, lakini tuitazame vema. Mtoaji wa namna ile alipasuliwa, akapoteza mshipa mmoja, akabaki na kovu la maisha. Tena ilikuwa lazima awepo pale pale, saa ile ile, amelala ubavuni pa mgonjwa. Baba atakubali kwa ajili ya mwanawe. Je, ni wangapi watakubali kwa ajili ya mtu wasiyemjua?

Mlango ulifunguliwa mwaka wa 1914. Albert Hustin katika Ubelgiji, na Luis Agote katika mji wa Buenos Aires, kila mmoja kwa njia yake, waliona kwamba chumvi iitwayo sitrati, ambayo ni jamaa ya ule ukali ulio ndani ya ndimu, ikitiwa katika damu huizuia isigande. Mwaka wa 1915 Richard Lewisohn wa New York alionyesha kipimo chake, kiasi cha kutosha kuizuia damu pasipo kumdhuru mgonjwa. Kwa chumvi hii kidogo mtoaji na mgonjwa walitenganishwa. Damu iliweza kuingia katika chupa, ikangoja. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, tabibu Oswald Robertson aliweka akiba ya chupa za damu huko Ufaransa mwaka wa 1917, zikawangoja majeruhi kabla hawajajeruhiwa.

ORODHA YA BWANA OLIVER

Sasa chombo kilikuwapo, na maarifa yalikuwapo. Watu je? Mwaka wa 1921 hospitali moja ya London ilipiga simu kwa Percy Lane Oliver, mtumishi wa serikali ya mtaa aliyekuwa pia katibu wa tawi la Msalaba Mwekundu la Camberwell, ikimwomba mtu wa kutoa damu upesi. Oliver na wenzake wachache wakaondoka, wakaenda kupimwa, na mmoja wao, mwuguzi, akatoa damu yake.

Oliver aliporudi nyumbani akawaza. Kwa nini watu watafutwe usiku, mgonjwa akiwa katika kufa? Yeye na mkewe wakaanza kuandika majina ya watu wenye hiari, kila mmoja na kadi yake: anakaa wapi, ni wa kundi gani, ametoa lini. Watu hao walikuwa wamekwisha pimwa afya yao. Hospitali ikiita, Oliver aliitazama kadi, akampata mtu anayefaa, akampelekea habari, hata kama ni usiku wa manane. Hakutaka watoaji walipwe fedha. Tena alishikilia kwamba wasipasuliwe mishipa kama zamani, bali damu itolewe kwa sindano, ili mtu aondoke mzima, aweze kuitwa tena.

Mimi naona kwamba katika habari hizi zote hakuna aliyelifahamu neno la mzee wetu kuliko Oliver. Hakuwa tabibu. Hakugundua dawa. Alichofanya ni kuwaweka watu tayari kabla ya msiba.

Kutoka hapo hatua zikawa za haraka. Mwaka wa 1937 tabibu Bernard Fantus wa Chicago alifungua katika hospitali yake ghala ya damu akaiita "benki ya damu", na jina hilo latumika hata leo.

AIBU MOJA, NA MTU MMOJA

Charles Drew alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Washington, mtu mweusi wa Marekani, akasoma mpaka akawa daktari mpasuaji. Maandiko yake ya shahada kuu, ya mwaka 1940, yalihusu damu iliyowekwa akiba. Mwaka ule ule Uingereza ilipokuwa ikipigwa kwa mabomu, Drew aliwekwa kuisimamia kazi ya kukusanya damu mjini New York, kutenga maji yake, na kuyapeleka ng'ambo ya bahari. Watu zaidi ya 14,000 walitoa damu katika kazi ile.

Lakini Marekani ilipokaribia vita, watu weusi walikataliwa kutoa damu kwa ajili ya askari. Mwaka wa 1942 wakakubaliwa, lakini chupa zao zikatiwa alama na kutengwa mbali na za wazungu. Drew, aliyeijua damu kuliko wengi, alisema wazi kwamba elimu haina sababu yoyote ya kutenga namna hiyo. Naam, tumekwisha ona kwamba makundi ya damu hayajui rangi ya ngozi. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliacha kutenga damu mwaka wa 1950. Mwaka huo huo Drew alifariki kwa ajali ya motokaa.

Hapa twajifunza kwamba kujiweka tayari si kwa mtoaji peke yake. Jamii nayo hujiweka tayari, kwa kuondoa ujinga unaowazuia watu wema wasikaribie.

NA KWETU JE?

Tusiwacheke wa ng'ambo, maana sisi nasi tulikuwa na ukuta wetu. Ni nani kati yetu ambaye alipokuwa mtoto hakutishwa kwa jina la mumiani? Asili ya neno hilo ni dawa nyeusi kama utomvu, iliyoletwa kutoka Uajemi, watu wakaipaka au kuinywa kwa mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, yaieleza dawa hiyo, na pia yaeleza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu waliouawa. Uvumi ukaenea pwani na bara kwamba wako watu wanaonyonya damu za wenzao usiku, na katika miji kadha wa kadha wazimamoto ndio walioshukiwa. Mwaka wa 1947 mjini Mombasa uvumi huo ulileta ghasia kwenye kituo cha wazimamoto.

Sitaki kuwadharau wazee wetu kwa hofu hiyo. Walitawaliwa na wageni waliochukua mengi pasipo kuomba, basi si ajabu wakidhani kwamba na damu itachukuliwa vivyo hivyo. Lakini tofauti ni kubwa kati ya damu inyang'anywayo gizani na damu itolewayo mchana kwa hiari, mbele ya mashahidi, mtoaji akiwa ameulizwa na kukubali.

Na watu wetu wameonyesha kwamba hiari hiyo wanayo. Tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka Nairobi na Dar es Salaam siku moja, katika Nairobi watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Wenye afya walikuja wenyewe wakapanga mistari mirefu ili watoe damu. Baada ya msiba ule Kenya ilianzisha huduma ya taifa ya damu, na katika Tanzania mpango wa taifa wa damu salama ulianza mwaka wa 2004. Mwaka huo huo dunia ilianza kuadhimisha siku ya watoaji damu kila tarehe 14 Juni, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Landsteiner.

MATAYARISHO YA LEO

Basi, ndugu msomaji, ukilinganisha na baba yule wa New York, mzigo uliobaki juu yako ni mwepesi. Kwa kawaida mtoaji atakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65, na uzito usiopungua kilo 50, asiwe mgonjwa, wala mjamzito, wala mwenye kunyonyesha.

Siku kadha kabla ya kwenda, ule vyakula vinavyotia damu: maharagwe, kunde, mchicha, kisamvu, dagaa, na nyama au maini ukipata. Chungwa pamoja na chakula husaidia, lakini chai iache mpaka baadaye, maana hupunguza nguvu ya vyakula hivyo. Usiku wa kuamkia siku ile lala vya kutosha, na pombe usiiguse tangu siku iliyotangulia. Asubuhi kula chakula kisicho na mafuta mengi, wala usiende na njaa ukidhani ni kama kwenda kupasuliwa. Kabla ya kutolewa damu kunywa maji kama nusu lita.

Ukifika utaulizwa maswali mengi, mengine ya siri. Jibu kweli. Damu yako itapimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende, lakini ugonjwa uliomwingia mtu hivi karibuni waweza kujificha usionekane katika kipimo. Mwenye mashaka na aseme, au ajiondoe kwa heshima. Hilo nalo ni kumpenda mgonjwa.

Kinachotolewa ni kama mililita 450, na mtu mzima ana damu kama lita 5, basi ni chini ya sehemu moja ya kumi. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi hivi. Baadaye kaa kitako kidogo, unywe, ule. Siku ile usipande mnazi wala usichukue mzigo mzito kwa mkono ule. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa majuma kadha. Kwa sababu hiyo katika Tanzania mwanamume hungoja miezi 3, na mwanamke miezi 4, kabla ya kutoa tena.

Jambo la mwisho. Methali yetu yasema, "Akiba haiozi." Kwa mahindi na fedha ni kweli, lakini akiba ya damu huharibika. Mfuko wa damu hudumu kama siku 35, na ukitiwa dawa nyingine hufika 42, kisha haufai. Kwa hiyo haitoshi watu wajae siku ya msiba, kisha wasahau mwaka mzima. Ghala hii yataka kujazwa mwezi kwa mwezi, na watu walio tayari.

Kila kijiji kina akina mama watakaojifungua mwezi ujao, na watoto ambao malaria itawala damu. Hatuwajui majina yao sasa. Bwana Oliver naye hakuwajua wagonjwa wake alipokuwa akiandika kadi zake. Basi tuwaandike wenye hiari katika vijiji vyetu, tujue kundi la kila mmoja, na timu ya damu ikija shuleni au sokoni itukute tumekula, tumelala, na akili zetu ni timamu. Mzee yule alisema walikuja na mapenzi pasipo kuwa tayari. Mapenzi hayo tunayo tangu kale. Siku nyingine kitanda cha kamba kitakapoingia barazani, na wote tisa wapite katika kipimo, na katika jokofu iwepo mifuko ambayo wao wenyewe waliiweka mwezi uliopita kwa ajili ya mtu wasiyemjua.